Shajara ya mradi: ramani ya ukutani ya mikroRNA na kifo cha seli katika saratani ya ovari

4 Machi 2025, Mtwara

Ubao umefika. Ni plaiwudi mbili zilizounganishwa kwa bawaba na kupakwa rangi nyeupe, na kwa sasa zimeegemezwa ukutani kwenye chumba cha mazoezi ya maabara. Juu yake tunataka kuonyesha namna mikroRNA (vipande vifupi vya RNA vinavyopunguza utengenezaji wa protini fulani) zinavyochangia kuamua kama seli ya saratani ya ovari itakufa au itaendelea kuishi. Watakaoitumia ni wanafunzi wetu wa maabara na wa utabibu, pamoja na wauguzi wa wodi ya akina mama walioomba kuja kuiona. Tuko watatu: mimi, mwenzangu aliyesomea patholojia, na dada muuguzi anayetukumbusha kila mara kwamba nyuma ya seli kuna mgonjwa.

Mambo yalianza Oktoba mwaka jana, Victor Ambros na Gary Ruvkun walipotangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba. Wanafunzi wakauliza mnyoo wa maabara unahusiana vipi na mama mwenye saratani. Swali lenyewe ni la haki. Mwaka 1993 wanasayansi hao walionyesha kwamba kwa mnyoo C. elegans, ambaye urefu wake ni kama milimita moja, jeni iitwayo lin-4 haitengenezi protini yoyote. Inatoa kipande kifupi cha RNA, yaani mikroRNA, na kipande hicho kinaizima jeni nyingine, lin-14. Kwa miaka kadhaa wengi waliona ni kioja cha minyoo tu. Mwaka 2000 ikapatikana mikroRNA nyingine, let-7, na hiyo wanyama wengi wanayo, binadamu akiwemo.

Kuna jambo moja ambalo nimeliandika kwenye kona ya juu ya ubao, kwa sababu linaunganisha pande mbili za mradi huu. Ambros na Ruvkun wote wawili walipitia maabara ya Robert Horvitz huko MIT, Marekani. Horvitz ndiye aliyepata Nobel ya mwaka 2002, pamoja na Sydney Brenner na John Sulston, kwa kazi iliyohusu pia jeni zinazoongoza kifo cha seli kwenye mnyoo huyohuyo. Katika ukuaji wake mnyoo huyu hutengeneza seli 1,090 za mwili, na 131 kati ya hizo hufa kwa utaratibu uliopangwa. Kwa hiyo hayo mawili, mikroRNA na kifo cha seli, yametoka nyumba moja.

15 Machi

Tumebishana, na tumebishana vizuri. Kazi ilifanyika usiku baada ya futari, na mwenzangu alikuja na orodha aliyoipakua kutoka miRBase, hifadhidata ya mikroRNA. Toleo la 22 lina mikroRNA 2,654 za binadamu zilizokomaa. Shauri lake lilikuwa tuchague zile zinazotajwa sana kwenye saratani ya ovari, tuziandike kwenye kadi za rangi mbili, nyekundu kwa "zinazosababisha saratani" na kijani kwa "zinazozuia", kisha tuzipange ubaoni.

Nimekataa. Kadi za namna hiyo wanafunzi watazikariri kwa ajili ya mtihani, wakitoka mlangoni wamesahau. Isitoshe, mikroRNA yenyewe haina ajenda. Ni kipande cha RNA chenye herufi kama 22 (A, U, G na C). Kazi yake inategemea kilichomo ndani ya seli husika, yaani ni mRNA ipi (nakala ya jeni inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini) inaikuta na protini ya mRNA hiyo inafanya nini. Ukiibandika rangi kabla ya kujua inamshika nani, umejibu swali ambalo hujaulizwa.

Tumekubaliana kuanza na kifo chenyewe. Katikati ya ubao tumechora mitokondria moja kubwa, kwa sababu hapo ndipo uamuzi mwingi wa apoptosisi, yaani kifo cha seli kilichopangwa, unapofanyika. Kwenye utando wake wa nje kuna protini za BAX na BAK. Hizi zikijiunga na kutoboa utando, saitokromu c inavuja kuingia saitoplazimu, inakutana na Apaf-1, kaspesi 9, kimeng'enya cha kukata protini, inaamka, nayo inaiamsha kaspesi 3, na seli inaanza kujikatakata kwa mpangilio. Wanaozuia utoboaji huo ni BCL-2, BCL-XL na MCL-1. Wanaowabana wazuiaji hao ni BIM, PUMA na NOXA. Chini zaidi yuko XIAP, anayeweza kuzikamata kaspesi hata baada ya saitokromu c kuvuja.

Hao ndio wahusika. MikroRNA zitaingia baadaye, na kila moja itaingia kwa uzi unaoifunga kwa mhusika fulani. Kadi zote zitakuwa nyeupe. Rangi itakuwa kwenye uzi: bluu ikiwa mikroRNA inapunguza protini inayolinda uhai wa seli, chungwa ikiwa inapunguza protini inayoleta kifo. Nyuzi tumenunua duka la zana za uvuvi, zile za nailoni za kushonea nyavu. Ni imara, hazichuji rangi, na bei yake inavumilika.

8 Aprili

Idi imepita, wanafunzi wamerudi. Leo tumefanya zoezi la herufi.

Tulikata vipande virefu vya karatasi ngumu. Kwenye kimoja tukaandika miR-16: UAGCAGCACGUAAAUAUUGGCG. Kwenye kingine tukaandika kipande cha mRNA ya BCL-2 chenye herufi GUGCUGCUA. Wanafunzi wakaambiwa wavilaze sambamba na kutafuta A inapokutana na U, na G inapokutana na C. Kundi la kwanza liliviweka vyote vikielekea upande mmoja, herufi zikagoma. Binti mmoja akakigeuza kipande cha pili kichwa chini miguu juu, na herufi tisa za mwanzo za miR-16 zikakaa kwenye nafasi zake bila kubakisha hata moja. Chumba kikapiga kelele kana kwamba kuna goli. Hapo ndipo wameelewa kwamba nyuzi mbili za RNA hushikana zikiwa zimepishana mwelekeo, jambo ambalo nimelisema darasani miaka yote na likapita hewani.

Tukawaonyesha sehemu inayoitwa mbegu, yaani herufi ya 2 hadi ya 8 kutoka mwanzo wa mikroRNA. Hapo ndipo mshiko mwingi unapotegemea. Herufi zinazobaki zinaweza kulingana nusu nusu na bado kazi ikafanyika. Ndiyo maana mikroRNA moja huweza kuzishika mRNA nyingi tofauti, na ndiyo maana miR-15a na miR-16, zenye mbegu moja, huchunga kundi lilelile.

Safari ya utengenezaji tumeipitia haraka. RNA ndefu inanakiliwa ndani ya kiini. Kimeng'enya Drosha kikishirikiana na DGCR8 kinakata kipande kilichojikunja. Exportin-5 inakitoa nje ya kiini. Dicer inakikata tena. Kisha uzi mmoja unapakiwa ndani ya protini ya Argonaute. Kuanzia hapo mikroRNA ndiyo inayoielekeza Argonaute kwenye mRNA ya kushikwa, mara nyingi kwenye sehemu ya mwisho ya mRNA isiyotafsiriwa kuwa protini.

Mwanafunzi mmoja kutoka Tandahimba akatoa mfano nitakaoutumia mpaka nistaafu. Alisema: "Mwalimu, jeni ni shamba la mikorosho, mRNA ni ile stakabadhi ya ghalani, protini ndiyo hela. MikroRNA haigusi shamba. Inaikalia stakabadhi, wewe unangoja malipo hayaji." Nimeongeza jambo moja tu, kwamba mara nyingi stakabadhi yenyewe nayo huishia kuchanwa.

Kuhusu uzi wa miR-16 kwenda BCL-2: ushahidi wa mwaka 2005 ulitoka kwenye leukemia sugu ya limfosaiti, ambako kipande cha kromosomu 13 chenye miR-15a na miR-16 hupotea mara nyingi. Haukutoka kwenye ovari. Kwa hiyo uzi umening'inizwa bila kukazwa. Uliokazwa ni ule wa miR-15a na miR-16 kwenda BMI-1, protini inayosaidia seli za saratani kuongezeka, kwa sababu huo ulionyeshwa mwaka 2009 kwenye seli za saratani ya ovari.

27 Aprili

Leo tumefika kwenye shimo la katikati ya ramani, nalo linaitwa p53, protini inayoisimamia seli DNA yake ikiharibika.

Kwa kawaida DNA ikiharibika, p53 inapanda, inawasha PUMA na NOXA, na inawasha pia familia ya miR-34. Nayo miR-34a hupunguza BCL-2 na protini nyingine zinazoisaidia seli kuishi na kugawanyika. Utaratibu mzuri: msimamizi mmoja anasukuma kifo kwa mikono miwili, mmoja wa protini na mmoja wa mikroRNA.

Sasa njoo kwenye saratani ya ovari. Aina inayoua wengi ni ile ya serasi ya daraja la juu, ambayo wanapatholojia wengi leo wanaona huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi badala ya ovari penyewe. Mradi wa TCGA wa Marekani, uliochunguza jeni za saratani, ulipochapisha matokeo yake mwaka 2011, TP53, jeni ya p53, ilikuwa imebadilika katika asilimia 96 ya vivimbe vya aina hiyo. Asilimia 96! Maana yake, uzi wa p53 kwenda miR-34 ambao vitabu vingi huuchora kwa majivuno, kwa wagonjwa karibu wote wa aina hii umekatika. Na kweli, miR-34 imekutwa imepungua kwenye vivimbe vya ovari.

Mwenzangu alitaka p53 iondolewe ubaoni kabisa. Tumeiacha, ila uzi wake tumeukata kwa mkasi mbele ya wanafunzi na kuacha vipande vikining'inia. Hili ndilo jambo ambalo ramani nyingi nilizoziona hazilionyeshi. Zinachorwa kwa ajili ya seli yenye afya, halafu mwalimu anasema "katika saratani hali ni tofauti" na kuendelea na slaidi inayofuata.

17 Mei

Mvua imepungua. Umeme ulikatika mchana kutwa, tukafanya kazi mlangoni kwenye mwanga wa jua.

Kanuni za kukaza uzi zimeandikwa na kubandikwa pembeni ya ubao. Kulingana kwa herufi peke yake hakutoshi. Programu za kutabiri kama TargetScan zitakupa mamia ya mRNA kwa mikroRNA moja, na nyingi hazijawahi kupimwa. Tunataka kwanza jaribio la lusiferesi: sehemu ya mwisho ya mRNA inaunganishwa na jeni inayotoa mwanga, mikroRNA inaongezwa, mwanga unafifia, kisha herufi za mbegu zinaharibiwa makusudi, na mwanga unapaswa kubaki palepale. Pili, protini halisi ipungue ndani ya seli. Tatu, seli hizo ziwe za saratani ya ovari na kufa kwake kubadilike kwa namna inayopimika. Uzi unaotimiza yote unakazwa kwa msumari. Usiotimiza unaning'inia.

Uliopita leo bila ubishi ni wa miR-214 kwenda PTEN. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba miR-214 huwa juu katika saratani nyingi za ovari, huishika mRNA ya PTEN, protini inayoizuia protini nyingine iitwayo AKT, na PTEN ikipungua, AKT hubaki imewaka. AKT iliyowaka huilinda seli kwa njia nyingi, mojawapo ikiwa kuifunga BAD, jamaa ya BIM, isiwasumbue BCL-XL na BCL-2. Matokeo yake seli haijali sisplatini, dawa ya saratani. Hapa wanafunzi waliona kwa macho namna uzi mmoja wa chungwa unavyofika hadi kwenye chupa ya dawa iliyoko wodini. miR-21 nayo hushika PTEN na PDCD4, protini nyingine inayosaidia kifo cha seli, ikawekwa jirani.

Mwenzangu akaongeza jambo la maana sana. Kazi nyingi za maabara kuhusu ovari zimefanywa kwenye seli za SKOV3 na A2780. Mwaka 2013 watafiti walilinganisha seli za maabara na vivimbe vya wagonjwa, wakakuta kwamba hizo mbili, pamoja na umaarufu wake, hazifanani vya kutosha na saratani ya serasi ya daraja la juu. A2780, kwa mfano, p53 yake ni nzima. Kwa hiyo kila uzi ulioegemea seli hizo tu sasa umefungwa fundo dogo katikati. Mafundo ni mengi kuliko nilivyopenda.

14 Juni

Siku ya miR-200. Familia hii ina watano: miR-200a, 200b, 200c, 141 na 429.

Mwaka 2007 ilikutwa kwamba kadhaa kati yao ziko juu katika vivimbe vya ovari kuliko kwenye ovari ya kawaida. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akainua mkono: "Kwa hiyo hizi ni mbaya, mwalimu?" Nikamwambia asubiri.

Familia hiyohiyo hupunguza ZEB1 na ZEB2, protini zinazofanya seli iachane na wenzake na kuanza kutambaa. Kwa upande huo inazuia kusambaa. miR-200c hupunguza TUBB3, aina ya tubulini (protini ya kiunzi cha seli) inayohusishwa na usugu wa dawa, na seli zilizorudishiwa miR-200c husikia dawa ya paklitakseli vizuri zaidi. "Basi ni nzuri," akasema yuleyule. Nikamwambia asubiri tena.

Mwaka 2011 watafiti wa Ufaransa walichapisha kuhusu miR-141 na miR-200a. Hizi mbili hushika p38α, protini inayosaidia seli kukabiliana na msongo wa oksijeni yenye sumu. p38α ikipungua, uvimbe hukua haraka zaidi. Ila uvimbe huohuo, kwa sababu hauna kinga hiyo, hulemewa vizuri zaidi na dawa. Yaani kitu kilekile kinaukuza uvimbe kabla ya matibabu na kuudhoofisha mgonjwa akianza dawa.

Kijana akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Inategemea unauliza siku gani." Sina cha kuongeza. Kadi ya miR-200a imekuwa ya kwanza kupata nyuzi mbili za rangi tofauti, na mwenzangu ameacha kuzungumzia kadi za kijani na nyekundu.

5 Julai

Nusu ya wanafunzi wako nyumbani, msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho. Waliobaki wamesaidia kuweka upande wa kushoto wa ubao, yaani kiwanda chenyewe cha mikroRNA.

Nilidhani sehemu hii ingekuwa ya kujazia nafasi tu. Haikuwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulipima Dicer na Drosha katika vivimbe vya ovari 111. Dicer ilikuwa imepungua katika asilimia 60, Drosha katika asilimia 51, na wagonjwa waliokuwa na kiwango cha chini waliishi muda mfupi zaidi. Kwa hiyo kuna vivimbe ambavyo tatizo lake halipo kwenye uzi mmoja. Mashine ya kukatia nyuzi zote imepunguza kasi. Tumeliwakilisha kwa kufunika kadi ya Dicer nusu kwa utepe. Si uchoraji wa kujivunia, lakini unaeleweka.

19 Julai

Wauguzi wamekuja. Tuliwaandalia chai na mihogo ya kukaanga.

Walisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha mkubwa wao, mama aliyefanya kazi wodini tangu mimi nikiwa shule ya msingi, akauliza: "Mwanangu, hivi vyote vinamsaidia nini mgonjwa wangu anayekuja tumbo limejaa maji?"

Nilimjibu hivyohivyo ilivyo. Leo, hapa, havibadilishi chochote katika anachopewa. Atapimwa kwa ultrasaundi na kipimo cha damu cha CA-125, atapelekwa Dar es Salaam, atafanyiwa upasuaji, na atapewa kaboplatini na paklitakseli. Wengi wanagundulika hatua ya tatu au ya nne, na hilo si la Mtwara peke yake, ni la dunia nzima, kwa sababu dalili za mwanzo ni tumbo kujaa gesi, kushiba haraka, kukojoa mara kwa mara. Nani atakwenda hospitali kwa ajili ya hayo?

Nikawaeleza pia kwamba kumejaribiwa. Dawa iitwayo MRX34 ilikuwa miR-34a ya kutengenezwa, imefungashwa ndani ya matone madogo ya mafuta, ikaanza kupewa wagonjwa wa saratani mbalimbali mwaka 2013. Mwaka 2016 jaribio lilisitishwa kwa sababu ya madhara makali ya kinga ya mwili. Wagonjwa wanne walifariki. Yule mama akatikisa kichwa. Dada yetu muuguzi akasema kitu ambacho nimeona kinafaa kuandikwa ubaoni: dawa ilipelekwa kwenye damu yote, wakati ugomvi ulikuwa ndani ya seli. Kumfikishia mhusika ujumbe bila kuwaamsha jirani wote bado ni kazi ngumu.

Kabla ya kuondoka mama alirudi ubaoni, akaufuata kwa kidole uzi wa miR-214 hadi PTEN, hadi AKT, hadi kwenye picha ya chupa ya sisplatini. "Kumbe ndiyo maana dawa inafanya kazi mara ya kwanza, ugonjwa ukirudi inakataa?" Nikamwambia hiyo ni sababu mojawapo, na kwamba seli zina njia nyingine pia, kama kurekebisha DNA au kuitema dawa nje. Akaomba hizo nazo zichorwe.

2 Agosti

Yaliyobaki. Upande wa kulia, njia ya kifo inayoanzia nje ya seli kupitia FAS, TRAIL na kaspesi 8, una uzi mmoja tu: miR-200c kwenda FAP-1, protini ambayo huzuia ishara ya FAS. Hatutajaza nyuzi za kubahatisha ili pande zilingane. MCL-1 imepata uzi wa miR-29b, lakini unaning'inia, kwa kuwa ushahidi tulionao ulitoka kwenye saratani ya njia ya nyongo. Uzi wa miR-17 na wenzake kwenda BIM nao unaning'inia. Ulitokana na seli za damu za panya.

Ombi la mama wa wodini limekubaliwa, tutaongeza ubao wa tatu mdogo kwa ajili ya usugu wa dawa. Fundi ameahidi bawaba wiki ijayo. Nyuzi za bluu zimekwisha, za chungwa zipo. Mwenzangu anasoma tena makala ya p38α kabla hatujaipigilia misumari ile miwili ya miR-200a.